Kuchonga pistoni ya bunduki ya upepo: kuna faida, au tunajaza mifuko ya mafundi?

#1 Ngosha wa Pasiansi

Wakuu, mwangaluka.

Nina bunduki ya upepo ya springi, HW35 ya Mjerumani, risasi namba 5.5. Nimeirithi kwa ba'mdogo, na kabla hamjaanza, makaratasi yake polisi yamekaa sawa. Kazi yake ni kutungua makopo ya maziwa na kutoboa karatasi tu. Sina ugomvi na ndege wa mtu.

Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma huko Nyakato. Kaitazama pistoni, kaipimapima mkononi kama anayenunua sangara, akasema "hii nzito mno, ndiyo maana inakurusha bega". Akaitoboa matundu sita ubavuni, kisha akaichonga mifereji miwili na kuivisha pete mbili za nailoni ili chuma kisisuguane na silinda. Kwa kuwa ilishafunguliwa, nikabadilisha na washa ya ngozi ya kuzibia upepo kichwani mwa pistoni, iliyokuwa imechoka, na bomba la kuongozea springi likawekwa jipya la nailoni. Jumla elfu 85.

Kabla ya kuipeleka nilipiga risasi kumi kwenye kipima mwendo cha kuazima. Wastani mita 171 kwa sekunde, tofauti ya iliyokimbia zaidi na iliyokimbia kidogo mita 14. Baada ya kurudi, wastani 164, tofauti mita 5. Mwendo umeshuka! Lakini karatasini, umbali wa mita 20, zamani risasi tano zilitawanyika kama kisahani cha chai, sasa zinajaa ndani ya kizibo cha soda.

Sasa swali: hii ni kazi ya pistoni? Yaani nimshukuru fundi au nimdai?

#2 Dagaa Kavu

Natandika mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Kereza Igogo

Mkuu Ngosha, mimi ni wa mashine ya kukereza, miaka 19 sasa. Fundi wako hakukosea. Pistoni nyepesi inaondoka haraka, inamaliza safari haraka, bunduki haipati muda wa kuhama mkononi. Kwenye hizi za springi pistoni ikikimbia mbele mwili wa bunduki unarudi nyuma, halafu ikigonga mwisho bunduki inaruka mbele. Vurugu yote hiyo inatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu.

Ila nina swali moja la muhimu kuliko yote. Ile fimbo ya katikati ya pistoni, pale kwenye jino linaloshikwa na triga, aligusa? Alipitisha jiwe? Maana pale chuma kimekomazwa juu juu tu. Ukilisaga jino, siku moja umekunja mtutu kupakia risasi, triga inaachia yenyewe, mtutu unarudi juu na vidole vyako viko njiani. Nimeona kidole kimoja cha namna hiyo. Sitaki kuona cha pili.

#4 Sato wa Kuchoma

Sijui bunduki lakini pistoni nazijua, nina bodaboda mbili. Silinda ikila tunatanua, tunaweka pistoni ovasaizi ya 25, ikila tena 50. Sijawahi kuona mtu anatoboa pistoni matundu ili iende vizuri. Huyo fundi alikuwa anatafuta hela ya mchana.

#5 Kereza Igogo

Sato, pistoni ya boda inasukumwa na moto. Hii inasukumwa na springi na yenyewe ndiyo inayosukuma upepo. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Usichanganye mchele na dengu.

#6 Babu Bwiru

Huyu wa #5 kasema pampu ya baiskeli, na ndiko nilikotaka kwenda.

Vijana, mnakumbuka pampu za baiskeli zile za kusimama? Ikigoma kujaza tulikuwa tunafungua kifuniko, tunatoa kile kikombe cha ngozi mwisho wa fimbo, kimekauka kama ganda la muhogo. Unakitia mafuta, unakiacha usiku, unakitanua kingo kwa kidole gumba mpaka kinafunguka kama ua. Asubuhi pampu inajaza tairi mpaka inalia. Hukubadilisha fimbo, hukubadilisha bomba. Ngozi tu.

Bunduki ya huyu kijana ina kikombe kilekile. Kabadilisha ngozi halafu anamsifia aliyetoboa chuma.

#7 Ngosha wa Pasiansi

Shikamoo babu. Kikombe nilikatiwa na fundi viatu pale Makoroboi, ngozi ya ng'ombe nene kama milimita nne, tukaiumbia kwenye kizibo cha chupa ikiwa mbichi.

@Kereza, jino halikuguswa. Niliuliza mara mbili, mara ya pili akanuna.

#8 Ticha Nyegezi

Marahaba kwa niaba ya babu, maana yeye hajibu salamu mtandaoni.

Tuanze na hesabu. Ngosha, risasi zako zina uzito gani, na matundu yana upana gani? Na ukuta wa pistoni una unene gani?

#9 Ngosha wa Pasiansi

Risasi gramu 0.93 kwa maandishi ya kopo. Matundu milimita 10, nimepima kwa kalipa sasa hivi. Ukuta mbili na nusu.

#10 Ticha Nyegezi

Vizuri. Kwanza nguvu: kwa mita 171 ulikuwa na jouli 13.6. Kwa 164 una 12.5. Umepoteza jouli moja na ushee.

Pili, na hapa Kereza akae chini. Tundu moja la milimita 10 kwenye ukuta wa 2.5 linatoa milimita za ujazo 196. Mara sita ni kama 1,180, yaani sentimita moja ya ujazo na kidogo. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Jibu: gramu 9.

Gramu tisa wakuu. Ni vijiko viwili vya chai vya sukari. Pistoni ya chuma ya bunduki hiyo ni mamia ya gramu. Pete za nailoni nazo zimerudisha sehemu ya kilichochongwa kwenye mifereji. Mtu asiniambie vijiko viwili vya sukari vimegeuza kisahani kuwa kizibo cha soda.

#11 Dagaa Kavu

😂😂 Elfu 85 kwa vijiko viwili. Sukari yenyewe ingetosha mwezi mzima.

#12 Kereza Igogo

Ticha hesabu zako sina shida nazo. Lakini umeruka pete. Pistoni ya kiwandani inakwenda chuma kwa chuma, na springi inapofunguka inajizungusha na kuisukuma pistoni upande. Ukiivisha pete za nailoni inakwenda katikati ya silinda kila mara kwa namna ileile. Ile tofauti ya mita 14 kuwa 5, mimi naiweka kwenye pete. Uzito nakuachia.

#13 Mama Jaruba

Kaka zangu habari za jioni. Mimi nina majaruba ya mpunga upande wa Magu na kwelea kwelea wananimaliza. Hii bunduki ikichongwa vizuri itasaidia?

#14 Dagaa Kavu

Dada, kwelea kwelea wanakuja kama wingu la mvua. Risasi moja moja utapiga mpaka wajukuu wako waolewe. Piga debe.

#15 Babu Bwiru

Debe na watoto wenye manati. Na usiku ulale, kwelea halali kwako.

#16 Pwani Mgeni

Naomba niingize jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mimi nimehamia Mwanza kutoka Dar kikazi, na bunduki yangu ya springi nilihama nayo kwa vibali vyote. Dar ilikuwa inatoa mwendo mzuri. Kuipima hapa ikashuka, bila kufunguliwa hata skrubu. Nikadhani springi imelegea njiani.

Ndipo nikaelewa. Hapa tuko juu mita 1,500, hewa ni nyepesi, pistoni inapata upepo mchache wa kubana. Sasa haya mambo ya kuchonga pistoni tunayaiga kwa watu wanaofyatua wakiwa usawa wa bahari.

#17 Ticha Nyegezi

Pwani, hoja nzuri ila namba rekebisha. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134, mji nao hapohapo isipokuwa kama umejenga juu ya mawe. 1,500 ni wapi, labda umepanga kwenye mnara wa simu.

Kwa kimo hiki mgandamizo wa hewa ni pungufu kama asilimia 12 kulinganisha na Dar. Silinda ileile inaanza na hewa chache. Na si mwendo tu: hewa ndiyo godoro la pistoni. Pistoni inafika karibu na mwisho wa safari kabla hata risasi haijaanza kutembea, na kinachoipunguza kasi ni hewa iliyobanwa mbele yake. Godoro likiwa jembamba, inagonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo huku kwetu mtu angeweza hata kusema pistoni nyepesi ina mantiki kuliko Dar. Nasema angeweza. Sio gramu tisa.

#18 Pwani Mgeni

Nimepokea masahihisho. Nimepanga Isamilo, ngazi zinanidanganya.

#19 Mkaa Mawe

Nyie wote mnazunguka. Mwendo kushuka na tofauti kupungua vina sababu moja: MAFUTA.

Ngoja niwape yaliyonikuta. Nilifungua yangu, nikaisafisha, nikapaka graisi ya beringi za pikipiki silinda nzima, nikijua natenda wema. Risasi ya kwanza ililia kama bunduki ya vita. Moshi ukatoka mdomoni mwa mtutu, harufu kama dagaa waliosahaulika jikoni. Jirani akatoka na taulo. Risasi ya tatu ikapita juu ya kopo kama nusu mita. Nilipokuja kuifungua springi ilikuwa imekatika vipande viwili.

Upepo ukibanwa ghafla unapata joto kali, mafuta yaliyo mbele ya pistoni yanawaka kama ndani ya injini ya dizeli. Sasa Ngosha, ngozi yako ya zamani ilikuwa imenyonya mafuta ya miaka na miaka. Kila risasi ilikuwa inachoma kidogo, leo nyingi, kesho kidogo. Hapo ndipo mita zako 14 zilipokuwa. Ngozi mpya haina mafuta mengi, moto umepungua, mwendo umeshuka, tofauti imekufa. Pistoni haihusiki.

#20 Ticha Nyegezi

Mkaa kasema kitu. Kuna Waingereza wawili, baba na mwana, Cardew, walilifanyia kazi jambo hili. Walifyatua bunduki ya springi ndani ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida. Bila oksijeni mafuta hayawaki. Mwendo ukaporomoka vibaya. Maana yake hata bunduki isiyotoa moshi unaouona, sehemu ya nguvu yake inatoka kwenye kuungua huko.

#21 Sato wa Kuchoma

Kwa hiyo nilikuwa sahihi #4. Ni moto uleule wa boda. Kereza aniombe radhi.

#22 Kereza Igogo

Dengu ni dengu.

#23 Babu Bwiru

Ngozi hiyo hiyo niliyosema #6. Mnazunguka ziwa zima kurudi Bwiru.

#24 Mkaa Mawe

Babu wewe ulisema ngozi inabana upepo. Mimi nasema ngozi inawaka. Si kitu kimoja.

#25 Babu Bwiru

Ngozi ni ngozi, mjukuu wangu.

#26 Pwani Mgeni

Na kuna hili la kuiga video. Wengi wanaochonga pistoni ni Waingereza, na wao wana sababu. Sheria yao bunduki ya upepo isiyo na kibali maalumu isizidi futi-paundi 12, ni kama jouli 16.3. Scotland wana sheria yao ya ziada. Ujerumani ndiyo kabisa, za kununua bila kibali ni jouli 7.5. Kwa hiyo mwenzako anabadilisha urefu wa pistoni ili safari yake iwe fupi, nguvu ibaki chini ya mstari na bunduki itulie. Hatafuti mwendo, anao wa kumwaga. Ngosha alikuwa na 13.6 tangu mwanzo. Alikuwa anapunguza nini?

#27 Ngosha wa Pasiansi

Sikuwa napunguza, nilitaka isiniume bega. Na kweli haiumi. Zamani nikifyatua ilikuwa inalia "twaaang" kama kitanda cha hosteli, sasa ni "tap" moja fupi.

#28 Kereza Igogo

Hiyo twaaang ni springi kucheza juu ya bomba lililolegea. Bomba jipya likiingia kwa kubana kelele inakufa palepale. Hapo hata mimi nakiri, ningeanza na bomba na ngozi. Bomba la nailoni nalikereza kwa nusu saa. Pistoni ningeigusa mwisho, tena mteja akiwa amesisitiza.

#29 Dagaa Kavu

Kereza #3 "fundi wako hakukosea". Kereza #28 "ningeigusa mwisho". Tunahifadhi ushahidi.

#30 Kereza Igogo

Kumkosoa fundi mwenzio mbele ya mteja ni tabia mbaya. Ndio maana nilianza taratibu.

#31 Ticha Nyegezi

Ngosha, tatizo lako ni kwamba umebadilisha vitu vinne siku moja. Matundu, pete, ngozi, bomba. Kila mtu hapa anachukua kimoja anachokipenda. Rudisha kimoja, upime.

#32 Ngosha wa Pasiansi

Matundu nitayarudishaje mkuu? Niyazibe kwa ugali?

#33 Ticha Nyegezi

Rudisha uzito, sio matundu. Tafuta washa ya chuma ya gramu 9, iweke ndani ya pistoni, chini ya springi. Kama uzito ndio uliotuliza bunduki, vurugu itarudi.

#34 Mkaa Mawe

Na unapofungua TUMIA KIBANIO. Springi ile imekaa imebanwa, ukilegeza kifungio cha mwisho bila kuishika inatoka na kila kitu. Shemeji yangu ana alama ukutani sebuleni, mpaka leo anaitundikia kalenda.

#35 Mama Jaruba

Samahani kurudi nyuma, debe limefanya kazi siku mbili. Siku ya tatu wamelizoea.

#36 Dagaa Kavu

Badilisha wimbo dada.

#37 Ngosha wa Pasiansi

Wakuu nimerudi, wiki imepita. Nimefanya alichosema Ticha.

Washa niliipata kwa wauza vyuma chakavu Mabatini. Gramu nilizihakiki kwa jamaa anayenunua dhahabu, ana mizani inayosoma mpaka nukta ya gramu. Aliniangalia kwanza usoni, akaangalia washa, akauliza "hii ni ya Geita?" Ikatoka 9.02.

Nikafunga kwa kibanio, Mkaa asante. Gunia la mchanga nyuma ya kopo kama kawaida, maana huku Pasiansi ukikosa kopo risasi inagonga jiwe na kurudi kukusalimia. Risasi kumi. Wastani mita 169, tofauti mita 6. Karatasini kizibo cha soda kilekile, labda kimetanuka unyoya.

Kwa hiyo uzito hauharibu shabaha. Ila mwendo umepanda mita 5. Nani anaelewa hapo?

#38 Kereza Igogo

Mimi hapa. Pistoni nzito inajua kusukuma, haisukumwi nyuma kirahisi na upepo ule uliobanwa. Ndio maana umepata mwendo. Pete zimekulindia shabaha.

#39 Sato wa Kuchoma

Siku ile nyepesi ndiyo nzuri, leo nzito ndiyo nzuri. Huyu fundi akiwa daktari atakupa dawa za kuhara na za kufunga choo kwa pamoja.

#40 Mkaa Mawe

Ngozi imezoea. Sasa imepigwa risasi ngapi, mia mbili? Imelainika, inaziba vizuri, mafuta yameshapanda mbele. Subiri, tofauti nayo itarudi kuwa kubwa.

#41 Babu Bwiru

Imefunguka kama ua.

#42 Pwani Mgeni

Ngosha, hiyo washa ina unene gani?

#43 Ngosha wa Pasiansi

Kalipa inasema 2.6.

#44 Pwani Mgeni

Basi umeibana springi milimita 2.6 zaidi ya ilivyokuwa. Springi iliyobanwa zaidi inasukuma zaidi. Umepima springi, hukupima uzito.

#45 Ticha Nyegezi

Dah. Nimenaswa. Sikulifikiria hilo, nami ndiye niliyemtuma.

#46 Dagaa Kavu

Ticha kaandikiwa alama nyekundu na mgeni wa Isamilo 😂

#47 Ticha Nyegezi

Nakubali. Ila na mimi niulize kimoja. Ngosha, kopo la risasi ni lilelile la mwanzo?

#48 Dagaa Kavu

Ngosha?

#49 Mkaa Mawe

Namuona yuko hewani, hajibu.

#50 Ngosha wa Pasiansi

Lilikwisha wakuu. Hili ni jingine. Limeandikwa gramu 0.91.

#51 Babu Bwiru

Lala mjukuu wangu. Kesho pia siku.

#52 Kereza Igogo

Ngosha, niletee Igogo hiyo washa na pistoni. Nitakutengenezea kizito cha gramu 9 kinachoingia kwenye fimbo ya katikati bila kuigusa springi hata kidogo, halafu upime kwa kopo moja. Elfu 15 tu.